Vijana Ni Akina Nani?

Lipo neno moja lililozoeleka mno katika hotuba na nyaraka za viongozi wetu hata hakuna anayelitilia shaka tena: vijana. Hakuna mpango wa jiji la Nairobi usioahidi kuwajali. Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye kazi yake ni kuyapima maneno, hana budi kuuliza: vijana hao ni akina nani?

Katiba ya mwaka 2010 inajibu bila kusitasita. Kijana ni mtu aliyetimiza umri wa miaka 18 na hajafikisha 35. Aliye chini ya hapo ni mtoto. Kisheria mgawanyo huu una sababu zake, nami sina ugomvi nao. Lakini katika Kiswahili kinachosemwa Mvita au Kayole, msichana wa miaka 15 si mtoto tu. Lugha yetu ina kigoli, ina mwari, ina chipukizi na barobaro. Inafahamu kwamba baina ya kunyonya na kupiga kura pana safari ndefu. Nyaraka za jiji haziijui safari hiyo. Wanapotafutwa vijana, huitwa watu wazima wenye haja ya ajira na mikopo. Wanapotajwa watoto, huitwa wazazi na walimu wao. Wa miaka 14, anayekijua kila kichochoro cha mtaa wake kuliko mwakilishi wa wadi, haitwi popote.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria kikao cha kukusanya maoni ya umma katika mtaa mmoja wa mashariki mwa Nairobi, ambao sitautaja. Palikuwa na pendekezo kwamba uwanja ulioko nyuma ya ukumbi ugeuzwe soko la vibanda na kituo cha matatu. Tukiwa ndani tulisikia kelele za watoto waliokuwa wakicheza kati katika uwanja uo huo, kwa mpira wa matambara, maana mifuko ya plastiki iliyokuwa ikifungwa mipira ya zamani ilipigwa marufuku mwaka 2017. Fomu tulizopewa zilikuwa za Kiingereza, na mahali pa kutia alama ya umri palianzia miaka 18. Mvulana mmoja aliingia akanyoosha mkono. Bawabu akamwambia, "Wewe kijana, nenda kamwite mzazi wako."

Zingatia lile neno: kijana. Mlangoni alikuwa kijana. Kwenye fomu hakuwa chochote.

Kikao kilipoisha nilimkuta nje nikamwuliza alitaka kusema nini. Kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng alinieleza mambo matatu kwa muda usiozidi dakika tano. Kwamba uwanja wa pili wa mtaa huo umetekwa na wacheza kamari, hivyo wasichana hawana pengine pa kuchezea. Kwamba upande wa chini kuna mtaro unaofurika kila msimu wa mvua, na vibanda vikijengwa pale vitasimama majini. Kwamba matatu zikiingia kwa lango lile, wadogo wa madarasa ya chini watalazimika kuvuka mbele yake mara mbili kwenda shule na mara mbili kurudi. Sisi watu wazima tulikuwa tumekaa saa mbili ukumbini tukizungumzia ada za vibanda, na hakuna aliyegusia hata moja kati ya hayo.

Wapo watakaosema kuwa mtoto hana haki ya kuuliza mambo ya wakubwa, na watatumia methali zetu kuwa ngao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Naam, lakini methali hiyo inamwonya anayepuuza wosia. Haimpi mkuu ruhusa ya kuziba masikio yake. Wahenga hao hao walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Isitoshe, sheria haiko upande wa wanaonyamazisha. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 12 cha mkataba huo kinampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasisitiza jambo lilo hilo. Je, uwanja anaochezea haumhusu?

Nakiri kwamba watoto hualikwa katika hafla zetu. Hualikwa wakariri shairi la kumkaribisha mgeni wa heshima, wacheze ngoma, wapigwe picha, kisha watolewe wakakae chini ya mti huku wakubwa wakijadili mji watakaourithi wao. Huko ni kuwafanya pambo. Nasema haya nikijua kwamba mashairi hayo aghalabu tunayatunga sisi, wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

Hapa ndipo ninapotaka kuwahusisha wasomaji wa jarida hili. Kizuizi kikubwa, kwa maoni yangu, ni lugha. Mnamo mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Gigiri, lilianza kushirikiana na waundaji wa mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, ili wakazi wa mijini wasanifu viwanja vyao kwa kupanga matofali ya kwenye skrini. Uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera, ulikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Siri ya jambo hili si kompyuta. Mchoro wa msanifu ni lugha ngeni kwa wengi wetu, wazee kwa watoto. Matofali yale yalikuwa lugha ambayo kijana wa Kibera angeweza kuitumia kumwonyesha mhandisi kwamba hapa ukuta, pale lango, kule taa.

Matofali yetu sisi ni maneno. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi, ilhali fomu niliyoijaza haikuwa na neno lake hata moja. Tumeandika tasnifu ngapi kuhusu Sheng, tukihesabu mofimu zake na kulalamikia uharibifu wake, bila kumwuliza anayeizungumza anasema nini? Mhadhiri mmoja aliponisikia nikisema hivi alinikumbusha kwamba chama chetu ni cha Kiswahili sanifu. Kweli, lakini sanifu si ukuta. Mwenye kujua sanifu na Sheng zote mbili ndiye anayefaa kuketi baina ya mvulana yule na afisa wa mipango.

Chama chetu huzuru shule za upili kila mwaka kwa makongamano na mashindano ya insha. Napendekeza ziara ijayo tubebe tangazo moja halisi la mpango wa wadi ilimo shule hiyo, tulitafsiri pamoja na wanafunzi, kisha tuwaache waandike majibu yao kwa lugha waitakayo. Sisi tuyasanifishe bila kuyapunguza makali, tuyapeleke kwa karani wa bunge la kaunti na kudai stakabadhi ya kupokelewa. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge hilo liushirikishe umma. Na liseme lenyewe, kwa maandishi, iwapo wenye miaka 14 si umma.

Mvulana yule aliniuliza swali moja kabla hatujaagana: "Wakijenga, sisi tutacheza wapi?" Nilimwambia sijui.