Mashine za Bitcoin: Tupige Hesabu Kwanza

MKAZI wa Katoro hahitaji kufundishwa maana ya kuchimba. Analijua duara na matimba yake, anaujua mlio wa karasha, na anafahamu kwamba kiroba cha mawe huweza kutoa gramu au kutoa vumbi tupu. Neno "uchimbaji" likitajwa hapa, masikio husimama. Ndiyo sababu imekuwa rahisi kulitumia neno hilo kuwavuta vijana wetu kwenye uchimbaji wa namna nyingine, usio na mwamba wala sururu, yaani uchimbaji wa sarafu ya Bitcoin kwa mashine za kuwekwa nyumbani.

Hivi karibuni vijana watatu walitujia na swali: kati ya mashine hizo, ipi inamfaa mtu wa kipato cha kawaida? Mmoja wao alikuwa amekwisha kumshawishi baba yake wauze ng'ombe wanne. Swali lao ni la haki, nalo linastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa kejeli.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Mashine hizi hukisia namba. Takribani kila dakika kumi, mashine moja kati ya zote zilizomo duniani hupata namba inayotakiwa, na mwenyewe hulipwa. Sarafu hiyo ilipoanza mwaka 2009 malipo yalikuwa Bitcoin 50. Yamepunguzwa nusu mwaka 2012, 2016, 2020 na Aprili 2024, na sasa ni Bitcoin 3.125. Yatapungua tena karibu mwaka 2028. Kwa kuwa bahati ya mtu mmoja ni ndogo mno, wengi huunganisha mashine zao na kugawana malipo kwa kadiri ya nguvu ya kila mmoja, kama wenye duara wanavyogawana mawe.

Nguvu hiyo hupimwa kwa tera, na tera moja ni makisio trilioni moja kwa sekunde. Antminer S9, ya mwaka 2016, ndiyo inayouzwa rahisi kwa mitumba. Ina tera zipatazo 13.5 na hula wati 1,350 hivi. Antminer S19 Pro, ya mwaka 2020, ina tera 110 kwa wati 3,250. Antminer S21, iliyotangazwa mwaka 2023, ina tera 200 kwa wati 3,500. Maendeleo ya ufundi ni dhahiri. Lakini je, yanamfikia mkazi wa Katoro?

Umeme wa matumizi ya kawaida, daraja la T1, ni shilingi 292 kwa yuniti kabla ya kodi. Ukijumlisha kodi na tozo unakaribia 350. Tangu Aprili 2024, kwa muda mwingi tera moja imekuwa ikiingiza kati ya senti nne na sita za dola kwa siku. Tuchukue senti tano, na dola moja tuikadirie kuwa shilingi 2,500. S9 itaingiza shilingi 1,700 kwa siku na kula umeme wa shilingi 11,340. S19 Pro itaingiza 13,750 na kula 27,300. S21, bora kuliko zote, itaingiza 25,000 na kula 29,400. Hata mapato yakipanda hadi senti sita, S21 itambakizia mwenyewe shilingi 600 kwa siku. Ili arudishe shilingi milioni moja tu ya bei ya mashine, atahitaji zaidi ya miaka minne.

Wapo watakaosema kwamba wao wako daraja la D1, la shilingi 100 kwa yuniti. Hao tunawakumbusha kwamba daraja hilo lina kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi. S19 Pro huzimaliza kwa muda wa saa 23 na dakika chache. Aidha, plagi ya nyumbani imetengenezwa kwa ampea 13, na mashine hiyo huvuta 14 mchana na usiku bila kupumzika. Huko ni kuialika ajali ya moto ndani ya nyumba wanamolala watoto. Ipo pia mashine ndogo, Bitaxe, ya tera moja na kitu, inayokula umeme kama taa. Hiyo haimfilisi mtu, lakini anayeitumia peke yake angetarajia kungoja maelfu ya miaka. Ni bahati nasibu.

Hatusemi kwamba kazi hii haina faida popote. Mwaka 2020 Hifadhi ya Virunga, huko Kongo, ilianza kuendesha mashine hizo kwa umeme wa maji kule Luviro, ambako umeme ulikuwa haujapata wanunuzi. Kampuni ya Gridless ya Kenya hufuata mitambo midogo ya maji kwa sababu hiyo hiyo. Hao wanatumia umeme ambao ungepotea. Sisi tunanunua umeme uliokwisha kupangiwa bei, na hapo ndipo penye tofauti.

Sheria nayo haijatulia. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba fedha za aina hii si fedha halali nchini. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko hayo. Mwaka 2024 ikawekwa kodi ya asilimia tatu kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi si kinga ya mtu anayedhulumiwa.

Na dhuluma ipo. Hatari kubwa kuliko mashine mbovu ni mashine isiyokuwapo. Wapo wanaouza "hisa" za mashine ambazo mnunuzi hajaziona wala hatoziona, na wanamtaka alete wenzake ndipo alipwe. Walioweka akiba zao DECI, kabla Serikali haijaizuia mwaka 2009, wanaijua njia hiyo inaishia wapi.

Karasha la jirani yako haliligeuzi jiwe lako kuwa gumu zaidi. Mashine za Bitcoin ni kinyume chake: kila zinapoongezeka duniani, kazi hufanywa ngumu zaidi, takribani kila wiki mbili, na fungu la mnyonge hupungua. Kijana wa Katoro hashindani na kijana wa Buseresere; anashindana na mabohari ya mabepari wenye maelfu ya mashine na umeme wa bei ya chini.

Kwa hiyo tunawajibu vijana wetu waziwazi: kwa bei ya umeme wa nyumbani, hakuna iliyo bora kati ya hizo tatu. Umeme uliofika Katoro ni neema. Ufungiwe mashine ya kukoboa mpunga, ya kuchomelea vyuma, au karasha lenyewe, ambamo mteja huonekana na hesabu hufungwa jioni. Na yule mzee tunamwomba awarudishe ng'ombe wake zizini.