Uraibu wa Picha Nyumbani

Katika shule za Kenya, wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuandika insha kuhusu "uraibu" wao: kusoma, kuogelea, kupiga picha. Mzee wa pwani alisikiapo neno hilo hufikiria kwanza tambuu na tumbaku, vitu ambavyo mtu akivizoea haviachi. Hapana haja ya kuchagua maana moja. Simu ya mkononi imeufanya upigaji picha kuwa uraibu kwa maana zote mbili, na familia ndiyo itakayoamua ni ipi itakayotawala.

Chukua mfano wa Kabati, mji ulioko Kitui Magharibi katika barabara itokayo Kitui kuelekea Migwani (asiyepafahamu hudhani panazungumzwa fanicha). Zama za filamu, mkanda mmoja ulitoa picha 24 au 36 pekee. Kila picha iligharimu pesa, hivyo kila picha ilikuwa na sababu yake, na aghalabu nyuma yake paliandikwa jina na tarehe kwa kalamu ya wino. Siku hizi kijana arudipo nyumbani Desemba, msimu wa maembe, hupiga picha mia kwa siku moja. Ifikapo Pasaka simu imeibwa au imejaa, na picha zimetoweka.

Hata hivyo, ni kosa kuyatukuza ya kale. Mpigapicha wa kulipwa alikuwa mgeni, nao watu walisimama mbele yake wakiwa wamekakamaa kama askari kwenye gwaride. Mama aliyekuwa jikoni hakuonekana kabisa. Leo mtoto wa miaka minane aweza kumpiga picha susu, yaani nyanya yake, akipepeta pojo. Humpiga kutoka chini, kwa kimo cha macho yake mwenyewe, na susu hacheki kwa ajili ya kamera bali kwa ajili ya mjukuu. Picha ya namna hiyo haipatikani studio. Baada ya siku chache mtoto huyo atang'amua pia kwamba jua la Kitui la saa sita hutia macho vivuli vyeusi, na kwamba kivuli cha mwembe au mwanga wa saa kumi na moja jioni humfaa zaidi. Hujifunza hayo kwa kukosea, huku wenzake wakimcheka.

Tatizo ni kwamba picha haisemi. Familia ikizuru Jiwe la Nzambani, karibu na mji wa Kitui, wote hupigana picha wakiisha kupanda ngazi hadi juu. Lakini simulizi kwamba anayelizunguka jiwe hilo mara saba hubadilika jinsia haimo katika picha hata moja. Sharti mtu aisimulie. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la picha ni majina.

Kwa hiyo yafaa familia itenge jioni moja kila mwezi, ichague picha kumi na mbili kati ya mamia, izichapishe mjini, kisha iandike nyuma yake nani, wapi, lini, na nani aliyepiga. Iandike kwa Kikamba au Kiswahili, mradi mjukuu ataelewa. Mazungumzo ya jioni hiyo ndiyo burudani yenyewe: huyu ni nani, kiti hiki kilichongwa na nani, mbona shangazi hayupo?

Wanafunzi wa fasihi simulizi wana deni zaidi katika jambo hili. Makabati ya idara yamejaa tasnifu zenye ngano zilizonukuliwa kwa makini, ilhali msimulizi ni "mzee mmoja wa Kitui", hana uso wala jina. Kama aliridhia kutajwa na kupigwa picha, kulikuwa na sababu gani ya kumficha? Wajukuu wake wangalipo hapo Kabati, na simu wanazo. Mtafiti angewaomba wampige picha babu yao akisimulia, kisha awaachie nakala iliyochapishwa na kuandikwa jina lake kamili.