Fundi wa Nyumbani: Saa Nyingi, Moyo Mmoja

Shule yenye saa kumi za ukutani mara nyingi huwa na nyakati kumi. Saa ya darasa moja ikitangulia na ya darasa la pili ikichelewa, watahiniwa wa mtihani mmoja hawapati muda ulio sawa, na mtoto aliyepunjwa dakika mbili hana wa kumlalamikia.

Chanzo chake kimo ndani ya saa zenyewe. Kwa kawaida saa ya betri ina fuwele ya kwatzi, kijiwe kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saketi huigawanya hesabu hiyo kwa mbili mara 15, hata ubaki mpigo mmoja kwa sekunde. Lakini fuwele hazilingani kabisa. Saa moja ikizidi sekunde moja kwa siku na mwenzake ikipungua sekunde moja, baada ya siku 30 zitakuwa zimeachana kwa dakika nzima.

Dawa yake ni kuzitawala zote kwa fuwele moja. Mpigo wa fuwele huingia katika koili ya mota ndogo, ya aina iliyobuniwa na Mfaransa Marius Lavet mwaka 1936. Sekunde hii umeme hupita huku, sekunde ifuatayo hugeuka. Sumaku nayo huzunguka nusu duara na kuusogeza mshale. Basi fundi huchagua saketi ya saa moja iwe kiongozi. Katika kila saa hukata njia za shaba ziendazo kwenye koili, kisha hulehemu nyaya mbili kwenye ncha za koili hiyo.

Saketi ya kiongozi ni dhaifu. Koili yenye ukinzani wa omu 200, kwa volti 1.5, hula miliampea 7.5, koili kumi hula 75. Kwa hiyo mpigo hutiwa nguvu kwanza na transista nne, mbili kila upande, ili umeme uweze kugeuzwa. Koili zote huunganishwa sambamba: waya wa saa moja ukikatika, nyingine huendelea.

Sumaku iliyosimama vibaya huukosa mpigo wa kwanza, kisha hufuata iliyobaki, ikiwa nyuma kwa sekunde moja daima. Ndiyo maana saa huachwa zipige mara chache, zikasimamishwa, na mishale yote ya sekunde ikawekwa kwenye 12 kabla ya kuanza kazi.

Hata hivyo, kiongozi akipotea, wote hupotea. Yafaa saa zilinganishwe na redio kila juma. Zikitangulia kwa sekunde kumi, umeme wa transista hukatwa kwa sekunde kumi, nazo husubiri pamoja. Siku ya mtihani, kengele itakapolia, hakuna darasa litakalokuwa limepunjwa.