Sitiari Haikutungwa kwa Ajili ya Mtihani

Wazazi na walimu wenzangu wa Eldoret, muulizeni mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne sitiari ni nini. Atajibu kabla hamjamaliza kuuliza, kisha atawaongezea tashbihi, tashihisi, takriri na balagha, kila moja na mfano wake. Jibu hilo lina alama zake katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, nami sina ugomvi nalo. Sasa mpeni hotuba ya mwanasiasa iliyochapishwa gazetini, mumuulize: sitiari hii inakutaka ufanye nini? Wengi watanyamaza.

Nasi wa mji huu si watu wa kunyamaza. Mwezi Januari 2022, katika mkutano wa kampeni papa hapa Eldoret, Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, aliwahimiza wasikilizaji waondoe madoadoa. Alikamatwa, naye akajitetea kwamba alikuwa akizungumzia kura za chama chake. Huenda ndivyo, moyo wa mtu siujui. Lakini neno lile halikuzaliwa siku ile. Tangu mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990 lilikuwa likitumika Bonde la Ufa kuwataja majirani walioonekana wageni, na wenye umri wanakumbuka yaliyofuata. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, liliteketezwa pamoja na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitia neno madoadoa, pamoja na kwekwe, katika orodha yake ya maneno ya chuki.

Litazameni linavyofanya kazi. Msemaji akisema watu fulani ni kama doa, ile "kama" inaacha mlango wa kubisha: kama doa kwa lipi? Sitiari huufunga mlango huo. Tena jina huja na kitendo chake: doa hufutwa, kwekwe hung'olewa. Hakuna aliyeamrisha mtu yeyote aumizwe. Msikilizaji ndiye anayeimalizia sentensi kichwani mwake, na ni nadra mtu kulishuku wazo analodhani ni lake. Kesho yake msemaji ataapa kwamba hakusema, na kweli hakusema.

Ujanja huu ni wa zamani. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963. Humo Mark Antony anamsifu Brutus, mmoja wa wauaji wa Caesar, mbele ya umati, anairudia sifa ile ile baada ya kila wema wa Caesar anaoutaja, mpaka sifa inageuka tusi. Kisha anawaonyesha vazi lenye damu na kuwasomea wasia. Umati unaondoka kwenda kuchoma nyumba. Yeye hakutamka "chomeni" hata mara moja. Mwanafunzi anayeandika "takriri, kejeli" na kufunga daftari ameona kidole tu, hajaona kinachoonyeshwa.

Hata mambo madogo yana mtego wake. Tangazo la ploti linalokuuliza utalipa kodi ya nyumba mpaka lini halingoji jibu lako. Linataka usahau kuulizia hati miliki.

Mwalimu atasema silabasi ni ndefu. Ni ndefu kweli, lakini nafasi imo ndani yake: karatasi ya pili ina ufahamu na isimujamii, na sajili ya siasa tunaifundisha kila mwaka. Riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri, ilitahiniwa kwa miaka kadhaa. Inasimulia watu waliofurushwa makwao baada ya uchaguzi, na vijana wetu waliorodhesha tamathali zake kana kwamba nyumba ya mhusika wake, Ridhaa, iliungua nchi ya mbali.

Basi, walimu, leteni darasani hotuba moja kila mwezi. Mwanafunzi akishaitaja tamathali, aandike chini yake sentensi iliyoachwa bila kusemwa, na amtaje ambaye angeumia kama ingetekelezwa. Hotuba zisichaguliwe za upande mmoja wa siasa. Watoto hugundua haraka. Nanyi wazazi, fanyeni vivyo hivyo redio inapozungumza Kikalenjin, Kikuyu au Kiluhya sebuleni, maana maneno makali ya kampeni aghalabu hayasemwi kwa Kiswahili cha darasani, na huko mwalimu hayuko.