Nani atawaimbia ngamia wa Garissa?

UKIVUKA daraja la Mto Tana kuingia mjini Garissa, unaingia katika nchi ambayo kwa karne nyingi kazi zake hazikufanywa kimyakimya. Chukua mathalani kazi ya kunywesha ngamia. Ngamia aliyekaa siku nyingi bila maji anaweza kunywa lita 100 na zaidi kwa mara moja. Mwenye ngamia 50 basi alihitaji lita 5,000, yaani mitungi 250 ya lita 20, na katika visima vya kuchimbwa kwa mikono maji hayo yote yalipandishwa kwa ndoo. Kisima kikiwa kirefu, wanaume walijipanga ndani yake mmoja juu ya mwingine, ndoo ikirushwa kutoka mkono hadi mkono mpaka hodhini.

Hapo wimbo haukuwa pambo. Ndio uliokuwa saa ya kazi. Aliyekosa pigo alikosa ndoo, na ndoo ikianguka humwangukia aliye chini. Maneno yenyewe yalimsifu ngamia, yakamtuliza anywe bila papara, yakamkumbusha taabu aliyopata mwenyewe kumlinda dhidi ya simba na wezi. Wafugaji hushikilia kwamba ngamia huitambua sauti ya mchungaji wake, na kwamba mifugo ya wenyewe wawili ikichanganyika kisimani, wimbo ndio unaoitenganisha.

Leo sehemu nyingi kuna kisima cha kuchimbwa kwa mtambo, na jenereta au mitambo ya sola inavuta maji huku mchungaji amekaa kivulini. Sitaki kumdanganya mtu kwamba hilo ni baya. Kijana aliyewahi kusimama ndani ya kisima tangu alfajiri, miguu majini na jua utosini, hawezi kulilia ndoo. Lakini wimbo ule haukuwa na makao mengine. Hauimbwi arusini wala hauimbwi msikitini. Uliishi ndani ya kazi, na kazi ilipoondoka ulibaki bila mahali pa kwenda.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tunapozungumzia kuhifadhi mila. Tunadhani wimbo ni kitu kama sarafu, kwamba ukiuokota na kuutia mfukoni utabaki vile vile. Nyimbo nyingi za Kaskazini Mashariki ni sehemu ya kazi, kama mpini ulivyo sehemu ya jembe.

Kwa upande wa akina mama mambo ni hayo hayo, na pengine ni mazito zaidi kwa sababu wao ndio wajenzi. Nyumba ya Msomali mfugaji, inayoitwa aqal na ambayo wengi nchini Kenya huiita herio, ni kazi ya mwanamke tangu fito hadi paa, na ni mali yake. Fito hupindwa zikawa matao, kisha hufunikwa kwa mikeka iliyosukwa kwa miaa ya mkoma au nyuzi za magome ya migunga. Siku ya kuhama, nyumba nzima hufunguliwa, fito zikapandishwa mgongoni mwa ngamia kama mabawa, mikeka ikawekwa juu yake, na watoto wachanga wakapata kivuli njiani. Jioni nyumba husimama tena mahali pengine. Nawauliza wasanifu majengo wetu wa Nairobi, ni nani kati yao aliyewahi kuchora nyumba ya namna hiyo?

Mikeka mikubwa ya nyumba huitwa kebed, na haisukwi na mtu mmoja. Magome hutafunwa mdomoni mpaka yakalainika na kuwa nyuzi. Binti anapokaribia kuolewa, mama yake, shangazi na majirani hukusanyika kumsukia nyumba yake. Kazi huchukua muda mrefu, na katika muda huo wanaimba. Humo ndimo wasia hutolewa kwa bi arusi, humo ndimo mama mkwe hudokezwa tabia zake bila kutajwa jina, na mume mvivu akapewa haki yake. Mambo ambayo mwanamke hakuweza kuyasema mbele ya baraza la wanaume aliyasema hapo, kwa mahadhi, na hakuna aliyeweza kumshtaki. Msichana wa miaka 10 aliyeketi kando akishika ncha ya mkeka alikuwa akijifunza kusuka, kusema na kunyamaza kwa wakati mmoja.

Sasa msichana huyo yuko darasani, na ndipo anapostahili kuwa. Mzazi wa Garissa aliyempeleka bintiye shule hakufanya kosa lolote. Ila ni vyema tuone kwamba shule ilimchukua mtoto katika saa zile zile ambazo nyanya yake alikuwa akifundisha, wala haikumuuliza nyanya huyo alikuwa amefikia wapi. Ongeza ukame, hasa ule wa 2011 na ule wa 2020 hadi 2022 ambapo misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo. Familia iliyopoteza mifugo yote haihami tena. Hujenga nyumba ya mabati pembezoni mwa mji. Katika kambi za Dadaab zilizoanzishwa 1991, matao ya aqal bado yanaonekana, lakini mengi yamefunikwa maturubai na magunia ya msaada badala ya kebed. Umbo limebaki. Mikeka imekwenda, na nyimbo za mikeka zimeifuata.

Vyombo vya maziwa navyo vina hadithi yao. Haan na dhiil ni vyombo vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi, vikakazwa mpaka vikashika maziwa bila kuvuja tone. Kabla ya kutiwa maziwa, chombo hufukizwa kwa vijinga vya mti maalumu. Moshi huua vijidudu, huyafanya maziwa yadumu, na huyapa ile ladha ambayo aliyeizoea huitafuta maisha yake yote. Maziwa ya ngamia yanayofika Eastleigh leo husafiri katika jerikani za plastiki. Zinafungika vizuri na hazina bei. Hata hivyo, wapo akina mama wa Isiolo wanaozifukiza jerikani hizo hizo kwa moshi kama walivyofundishwa kufukiza vyombo vya kusukwa. Chombo kimebadilika lakini ujuzi umekataa kufa, na mimi mfano huo hunipa moyo kuliko warsha nyingi za utamaduni.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili atajiuliza: watu wasioandika waliwezaje kukumbuka tungo ndefu miaka 100 baada ya mtunzi kufariki? Sisi tuna vina na mizani. Wasomali wana sauti ya mwanzo. Shairi likianza kwa sauti d, basi kila mshororo hadi mwisho sharti uwe na neno linaloanza kwa d. Aliyesahau neno anajua angalau linaanzaje, na aliyetia neno lake mwenyewe hugunduliwa upesi. Tena ilikuwa desturi kwamba anayekariri shairi la mwenzake sharti amtaje mtunzi kwanza. Kumwibia mtu shairi ilikuwa aibu. Siku hizi tunazungumza sana juu ya hakimiliki, kumbe kulikuwa na wachungaji waliokuwa nayo bila karatasi wala wakili!

Karatasi yenyewe ilichelewa. Maandishi rasmi ya Kisomali kwa herufi za Kilatini yalitangazwa Mogadishu Oktoba 1972. Ndiyo maana neno la maziwa huandikwa caano, ingawa c hiyo si che yetu bali ni ain ya Kiarabu inayotoka kooni. Kisomali kina msemo unaounganisha nabad iyo caano, amani na maziwa, na kinyume chake col iyo abaar, vita na ukame. Maneno manne tu, lakini mtu wa Kaskazini Mashariki akiyasikia huona historia yote ya jimbo lake. Msemo mwingine ni far keliya fool ma dhaqdo, kidole kimoja hakioshi uso. Mswahili naye atajibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wahenga wetu, inaelekea, walikuwa na kidole kimoja na shughuli mbalimbali.

Na hekaya je? Watoto wa Kisomali husimuliwa juu ya Wiil Waal, mtawala wa pande za Jigjiga, aliyewaamuru wanaume wamletee kiungo cha kondoo kinachoweza kuwaunganisha watu au kuwafarakanisha. Matajiri walileta mbavu na minofu iliyonona. Maskini mmoja, kwa shauri la bintiye, alileta koo, akitetemeka kwa aibu. Ndilo lililokuwa jibu. Chakula kinachopita kooni kikigawanywa, watu hupatana, na mmoja akikimeza peke yake, watu hupigana. Mtawala hakuamini kwamba baba mtu alilifikiria mwenyewe, na alipodadisi akaambiwa ni binti. Hekaya hiyo ni ya dakika 5, na haihitaji umeme. Wazazi wa South C na Eastleigh wanaolalamika kwamba watoto wao hawajui Kisomali cha maana waanze hapo.

Kumbukumbu ya jamii haibebi mambo ya furaha pekee. Tarehe 10 Februari 1984 na siku zilizofuata, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa na vikosi vya serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi wakauawa. Serikali ilisema wakati ule kwamba waliokufa ni 57. Manusura na wajane walishikilia kwamba idadi ilikuwa kubwa mno kuliko hiyo, na kwa miaka mingi ushahidi wao mkubwa ulikuwa vinywa vyao. Walikumbuka majina. Mtoto wa Kisomali hufundishwa kukariri majina ya babu zake mmoja baada ya mwingine, na jamii iliyozoea kuhesabu hivyo haisahau kwa urahisi ni nani hakurudi nyumbani. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake 2013, Wagalla ilikuwa ndani. Anayedhani kwamba kumbukumbu za wazee ni burudani ya siku ya utamaduni shuleni na aitafakari Wagalla.

Basi tufanye nini? Mwaka 1996 Huduma ya Taifa ya Maktaba ilianzisha Garissa maktaba ya ngamia, masanduku ya vitabu yakapelekwa mgongoni mwa ngamia hadi kwa watoto wa wafugaji. Lilikuwa jambo jema, na dunia nzima ilipiga picha. Lakini vitabu vingi vilikuwa vya Kiingereza na Kiswahili. Ngamia alibeba hadithi za watu wengine, na nyimbo za ngamia mwenyewe hazikuwamo sandukuni.

Hargeisa wametupa somo jingine. Mwaka 1988, mji huo ulipokuwa ukikaribia kushambuliwa kwa mabomu, wafanyakazi wa redio walificha na kuzika kanda zao, na nyingine zikavushwa mpaka. Baadaye zilikusanywa, na leo kituo cha utamaduni mjini humo kina maelfu ya kaseti. Kwetu, Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016 imezitwika kaunti kazi ya kukusanya na kusajili mambo haya. Wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera wana haki ya kuwauliza wawakilishi wao wadi kazi hiyo imefika wapi. Waulize pia juu ya jamii ndogo: Wamalakote na Wamunyoyaya wa kando ya Tana, na Waaweer wa msitu wa Boni, wanaojua kuitana na ndege anayeongoza watu kwenye asali. Hao wakipoteza wazee 10 wamepoteza maktaba kubwa kuliko sisi.

Si kila kitu kinakufa, nisije nikawatisha. Buraanbur, utenzi wa wanawake, unanawiri. Nenda arusi yoyote ya Eastleigh umsikie mghani akimsifu bi arusi na ukoo wake huku wenzake wakipiga makofi na mmoja akicheza katikati. Wapo wanaokemea ngoma kwa sababu za dini, nao wana hoja yao, lakini akina mama hawajaacha. Buraanbur ina bahati kwamba arusi hazijabadilishwa na jenereta.

Kwa mwanafunzi anayekwenda nyumbani likizoni, simu uliyo nayo inatosha. Lakini usimwendee ayeeyo, nyanya yako, na kumwambia aimbe tu. Muulize wimbo huo uliimbwa wakati wa kazi gani, nani alianza na nani aliitikia, aliusikia kwa nani, na mahali gani. Taja jina la mtunzi likijulikana, kama desturi ilivyotaka. Akikwambia maneno hayamjii akiwa ameketi bure, mtafutie miaa umpe mkononi, kisha ungoje.

Juma lijalo, inshallah, tutageukia vitendawili vya wafugaji. Walio na vyao na watuletee, pamoja na majibu tafadhali, maana vingine vimetushinda.