Tusiwaache Watoto Wateleze Mtelemkoni



Kila mwaka vijana wetu wa sekondari huchagua masomo watakayoendelea nayo, na wapo wanaoiacha fizikia, wakiwamo mabinti hodari, kwa sababu ya maswali machache yaliyowavunja moyo. Mojawapo ni lile la mzigo juu ya mtelemko.

Tuchukue mfano tuujuao sote. Wachukuzi wanapandisha sanduku kwenye lori kwa ubao wa mita 2.5, ambao ncha yake ya juu ipo mita 1.5 kutoka ardhini. Sanduku ni la kilogramu 50, yaani uzito wa takriban niutoni 500. Je, yahitajika kani gani kulivuta sambamba na ubao kwa mwendo usiobadilika?

Mtoto aliyekariri kanuni hukimbilia kuzidisha. Tumzuie kwa upole, achore kwanza. Uzito huchorwa wima kuelekea chini, wala haufuati ubao. Kisha augawe sehemu mbili. Kimo kugawanya kwa urefu wa ubao ni 0.6, hivyo niutoni 300 zalivuta sanduku lirudi chini. Umbali wa mlalo ni mita 2, na ukigawanywa kwa urefu ule ule twapata 0.8, hivyo niutoni 400 zaukandamiza ubao.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, wakidhani ubao hukandamizwa kwa zile 500 zote. Msuguano hutokana na hizo 400. Ikiwa kizio chake ni 0.25, utakuwa niutoni 100. Kwa kuwa sanduku lapanda, msuguano huelekea chini, na wachukuzi watavuta kwa niutoni 400. Lingekuwa linashuka, msuguano ungeelekea juu, na niutoni 200 zingetosha kulishusha taratibu.

Mzazi asiyesoma fizikia aweza kuuliza maswali matatu: Sanduku linavutwa au kusukumwa na nini? Kila kani yaelekea wapi? Sanduku lenyewe laenda wapi? Nusu saa baada ya Isha yatosha.

Nasi tujihadhari na kauli ya kwamba hesabu hizi si za mtoto wa kike. Tunapouguliwa na mama zetu, sisi ndio wa kwanza kuulizia daktari mwanamke. Atatoka wapi, ikiwa binti zetu tuliwafungia daftari wenyewe?