Nakivale: Bati peke yake halizuii maji

Mvua za Machi hadi Mei zinapokatika, kazi ya kujenga upya huanza Juru, moja ya kanda za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Kuta za matofali mabichi zilizolowa hubomoka kuanzia chini, na wenye nyumba hufyatua matofali mengine katika kiwanja kile kile. Udongo hauna bei. Bati, mbao, misumari na saruji vina bei, na huja kwa gari kutoka Mbarara.

Kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi na wenye magari, mahitaji hayana shaka. Nakivale ilianzishwa mwaka 1958, ni miongoni mwa makazi ya zamani zaidi ya wakimbizi barani Afrika, na misimu miwili ya mvua hurudi kila mwaka. Swali ni jingine: familia yenye fedha kidogo inunue nini kwanza? Wengi hujibu bati. Hata hivyo, hesabu inaonyesha kuwa bati likitangulia peke yake linaweza kuuharakisha ukuta kuanguka.

Kwa nini bati kwanza

Chaguo hilo si ujinga. Kwa mujibu wa Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010, zilizofuata Sheria ya Wakimbizi ya 2006, mkimbizi aliyepewa kiwanja katika makazi anaruhusiwa kukitumia, lakini hawezi kukiuza wala kukikodisha. Nyumba iliyo juu ya kiwanja hicho haiwezi kuwa dhamana ya mkopo. Mtu asiyejua kama mwakani atahamishwa, atarudi kwao au atapelekwa nchi ya tatu hupendelea kuweka fedha katika kitu kinachobebeka. Bati hung'olewa na kuuzwa. Msingi wa mawe hubaki ardhini.

Kwa lugha ya uchumi, bati ni akiba, msingi ni gharama iliyozama. Ndiyo maana nyumba nyingi hutoka kwenye turubai kwenda kwenye bati, huku miguu ya kuta ikibaki ya udongo mtupu.

Hesabu ya maji

Tuchukue nyumba ya mita 4 kwa 6, ambayo bati lake limetokeza sentimita 60 nje ya kuta kila upande. Paa hilo hufunika karibu mita za mraba 37. Mvua ya milimita 20, ambayo si kubwa kwa masika, huliangushia paa hilo lita 750 hivi, yaani madumu 37 ya lita 20. Paa la nyasi huchelewesha maji. Bati huyateremsha yote kwa mara moja, katika mistari miwili pembeni mwa nyumba. Pasipo mfereji wa paa wala mtaro chini, maji huchimba ardhi, hurukia ukuta na kuulowesha mguu wake. Tofali bichi likilowa hupoteza nguvu, na ukuta huanguka ukiwa umevaa bati zuri.

Hapo hujitokeza mtego wa pili. Kupunguza mtokezo kutoka sentimita 60 hadi 30 hushusha eneo la paa kutoka mita za mraba 37 hadi 30, bila kuhesabu mwinamo na mapishano ya bati. Mteja aliyebanwa hukubali haraka, kwa kuwa ameokoa karibu moja ya tano ya bati. Lakini maji sasa huanguka karibu zaidi na ukuta.

Upande wa saruji hesabu ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Nyumba hiyo ina mzunguko wa mita 20. Kupaka nusu mita ya chini kwa unene wa sentimita 2 kunahitaji karibu kilo 320 za mchanganyiko. Ukichanganywa kwa kilo 8 za saruji kwa kila kilo 100 za udongo wenye mchanga, saruji inayohitajika ni kama kilo 25, yaani nusu ya mfuko wa kilo 50. Lipu ya saruji nzito juu ya tofali bichi haifai, kwa sababu hupasuka na kubanduka, na maji huingia nyuma yake. Udongo wenye saruji kidogo hushikana vyema zaidi na ukuta. Ikiongezwa safu ya mawe chini na mtaro wa kupeleka maji mbali, nyumba imepata kinga ambayo bati pekee halitoi.

Kinachofaa kuuzwa

Kutokana na hayo, bidhaa yenye nafasi Juru ni nusu mfuko wa saruji, mita chache za mfereji wa paa na misumari, vikiuzwa pamoja na bati. Tatizo ni kwamba mfuko uliofunguliwa hunyonya unyevu na kuganda, na hasara hiyo humwangukia mwenye duka. Anayeuza kwa kilo anahitaji pipa lenye kifuniko na ghala ambalo mifuko imeinuliwa juu ya mbao, mbali na sakafu na kuta. Kwa bati, mnunuzi aangalie geji na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Uganda (UNBS). Geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na tofauti ya bei isiyo na tofauti ya unene ni wizi.

Muda nao ni bei. Juni hadi Agosti ni kiangazi: matofali hukauka, barabara za udongo ndani ya makazi hupitika, na mavuno ya mahindi na maharage huwapa wakulima fedha mkononi. Gari lililopeleka bati na saruji linaweza kurudi Mbarara na nafaka, na nauli ikagawanywa pande mbili. Anayesubiri mvua ya Septemba ndipo apakie hulipia matope, na saruji yake hufika imelowa.

Njia nayo si moja. Saruji ya kiwanda cha Hima, Kasese, hufika Mbarara kutoka magharibi. Bati nyingi hutoka viwanda vya Kampala kupitia Masaka. Mei 2023 mafuriko ya mto Katonga yalipofunga barabara ya Kampala–Masaka, magari yalielekezwa kuzunguka kupitia Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria. Funzo kwa mwenye duka ni kwamba akiba ya bati ndiyo ya kuweka mapema kabla ya mvua.

Kwa wanaotoka Kagera kupitia Murongo na Kikagati, bidhaa zenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 zinaweza kupita kwa cheti chepesi cha asili. Mzigo ukizidi hapo, cheti cha kawaida kinatakiwa, na ni vizuri kikaandaliwa kabla gari halijaondoka.

Fedha zitatoka wapi

Hatari kubwa iko upande wa mnunuzi. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani (WFP) lilianza kuwagawa wakimbizi nchini Uganda kwa makundi ya uhitaji, na Mei 2025 ikatangazwa kuwa watu wapatao milioni moja wameondolewa katika msaada wa chakula kwa ukosefu wa fedha. Familia iliyokuwa ikiweka sehemu ya msaada kwa ajili ya bati sasa huitumia sehemu hiyo kununua unga. Taasisi ya mikopo midogo ya UGAFODE ilifungua tawi Nakivale mwaka 2020, na vikundi vya kuweka na kukopa vipo, lakini mkopo wa biashara hulipwa kwa faida ya biashara. Ukuta hauzalishi faida.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayekopesha bati kumi kwa mteja mmoja amejiweka pabaya kuliko anayewauzia wateja kumi nusu mfuko wa saruji kila mmoja kwa fedha taslimu. Wa pili anapata faida ndogo kwa kila mauzo, ila wateja wake watakuwa na nyumba zilizosimama Septemba mvua zikirudi. Mteja ambaye ukuta wake umeanguka mara ya pili hana cha kununulia, na pengine bati alilouziwa ndilo la kwanza atakaloliuza.